Tangi la Mimea la Polepole na Tangi la Mimea la Kasi: Ulinganisho kwa Anayepanga Makazi ya Samaki wa Maji Baridi

Anayepanga kuweka nyumbani tangi la maji baridi lenye mimea hai na samaki wa aina mbalimbali wanaoishi pamoja kwa kawaida huanza kwa kuuliza anunue samaki gani. Kwa maoni yangu swali hilo ndilo la mwisho. Yako maswali mawili yanayolitangulia, nayo huamua karibu kila kitu kingine: mimea itakua kwa mwendo gani, na maji yatokayo bombani yana asili gani. Mwenye kuyajibu hayo mawili kwa uangalifu hukuta orodha ya samaki imekuwa fupi na rahisi kuchagua, na mwenye kuyaruka huishia kununua samaki wazuri ambao hawawezi kuishi pamoja, au hawawezi kuishi kabisa katika maji aliyonayo.

Hapa chini nazilinganisha njia mbili. Ya kwanza naiita tangi la polepole: mwanga wa wastani, mimea isiyodai mengi, na hakuna hewa ya ukaa inayoongezwa. Ya pili ni tangi la kasi: taa kali, mtungi wa hewa ya ukaa wenye vali, mbolea ya maji karibu kila siku, na mkasi kila wiki. Nimetunza yote mawili kwa miaka kadhaa, na sifichi kwamba kwa mtu anayeanza nalipendelea la kwanza. Hata hivyo la pili lina uzuri wake halisi na lina watu wake, nami nitalieleza kwa haki.

Mwanga, hewa ya ukaa na mwani

Katika tangi la mimea, mwanga ndio unaotoa amri. Mmea uliomulikwa sana hudai kaboni na madini kwa kasi ileile ya mwanga unaoupokea, na visipopatikana ukuaji wake husimama ilhali mwanga unaendelea kumiminika. Hapo mwani, ambao huridhika na kidogo sana, hupata nafasi ya kutanda juu ya majani, mawe na kioo. Ndiyo sababu mtu anayenunua taa kali akidhani anaisaidia mimea yake, bila kuongeza kitu kingine chochote, huwa amenunua mwani.

Maji yanayogusana na hewa ya kawaida tu hubeba chini ya miligramu 1 ya hewa ya ukaa katika kila lita. Katika tangi lenye samaki wanaopumua na mabaki yanayooza, kiasi hicho huweza kufika miligramu 2 au 3, na hicho ndicho chakula cha kaboni ambacho tangi la polepole hutegemea. Tangi la kasi hupandishwa hadi karibu miligramu 30 kwa lita. Tofauti hiyo ya mara kumi na zaidi hueleza kwa nini mimea ya matangi haya mawili haionekani kama ni ya dunia moja: katika tangi la kasi *Rotala rotundifolia* huwa nyekundu kama kaa la moto na huhitaji kukatwa kila wiki, na *Hemianthus callitrichoides*, mmea wenye majani madogo kuliko punje ya mtama, hutandaza zulia la kijani juu ya udongo. Alasiri, taa ikiwa imewaka kwa saa nne au tano, utaona kwenye ukingo wa kila jani uzi wa viputo vya oksijeni vidogo kama ncha ya sindano. Kiputo hukua, hung'aa kama shanga, kisha huachia na kupanda juu, na kingine huanza mahali palepale. Sijapata kuchoka kukitazama.

Uzuri huo una bei ya hatari. Samaki hutoa hewa ya ukaa kupitia matamvua, na maji yakijaa hewa hiyo hawezi kuitoa mwilini hata kama oksijeni ipo ya kutosha. Usiku mmoja nilifungua vali kidogo zaidi nikalala bila kusubiri kuona matokeo, kwa sababu vali yangu ya wakati huo haikuwa imeunganishwa na saa ya kuizima pamoja na taa. Asubuhi nilikuta samaki wote wamekusanyika juu, midomo imegusa uso wa maji, matamvua yakipiga haraka, na wawili wamekwisha kulala chini ubavu. Nilifunga mtungi, nikabadili nusu ya maji na kutia pampu ya hewa. Wengi wao walipona, wale wawili hawakupona. Tangu siku hiyo sikubali mtungi usio na vali ya umeme. Hewa ifunguliwe saa moja au mbili kabla ya taa kuwaka na ifungwe karibu saa moja kabla ya taa kuzimika, na ndani ya tangi kiwepo kile kikombe kidogo cha kioo chenye kimiminika kinachobadili rangi: buluu ikiwa hewa haitoshi, kijani ikiwa inatosha, manjano ikiwa imezidi. Kikombe hicho huchelewa saa moja au zaidi kuonyesha mabadiliko, kwa hiyo marekebisho ya vali yafanywe kidogo kidogo, mchana, na mtunzaji akiwepo.

Tangi la polepole halina hatari hiyo, na hasara yake kubwa ni kwamba linamtaka mtu avumilie. *Anubias*, mmea wa mito ya Afrika Magharibi na ya Kati, huweza kukaa wiki kadhaa kabla ya kutoa jani moja jipya. Kangaga la Java, *Microsorum pteropus*, si la haraka zaidi. Yote mawili hufungwa kwa uzi juu ya jiwe au gogo, na lile shina lao nene linalolala lisifukiwe kamwe, kwa maana likifukiwa huoza. *Cryptocoryne wendtii* hupandwa chini na mara nyingi humtisha mgeni: siku chache baada ya kupandwa majani yake hulainika, huwa kama karatasi iliyolowa, huyeyuka yakabaki mabua tu. Wengi huung'oa wakiutupa, ilhali mizizi ni mizima. Ukiachwa ulipo, baada ya wiki tatu au nne huchomoza majani mapya yaliyozoea maji ya tangi hilo, nayo huishi miaka mingi.

Kosa kubwa la tangi la polepole ni kulipanda kwa mimea ya polepole pekee. Miezi ya mwanzo ndiyo migumu, nayo inahitaji mimea inayokua haraka ili inyonye amonia na madini kabla mwani haujayafikia: *Hygrophila*, *Vallisneria*, *Ceratophyllum demersum* isiyohitaji hata kupandwa, na mimea inayoelea juu kama *Salvinia*, ambayo huchukua hewa ya ukaa moja kwa moja kutoka hewani na hivyo haizuiwi na uhaba uliomo majini. Ijaze sehemu kubwa ya tangi tangu siku ya kwanza. Mimea ya polepole ikishashika, ile ya haraka inaweza kupunguzwa. Taa iwake saa sita hadi saba kwa siku, kwa saa ya kujizima yenyewe. Katika tangi la kasi saa nane zinatosha, na katika matangi yote mawili kuzidisha hapo hakuleti faida niliyowahi kuiona.

Ukubwa na umbo la tangi

Mtu mwangalifu hudhani kwamba tangi dogo ni rahisi zaidi, na ni kinyume. Katika lita 40 chakula kilichozidi kijiko kimoja kinaweza kuchafua maji kwa siku moja, na joto la mchana hupanda na kushuka haraka. Katika lita 120 kosa hilohilo hupita karibu bila kuonekana. Lita 60 zinatosha kwa kundi moja la samaki wadogo na uduvi, si zaidi. Lita 200 ni raha kwa samaki, lakini maji peke yake yana uzito wa kilo 200, na ukijumlisha kioo, changarawe na mawe utapita 250, jambo linalodai meza iliyotengenezwa kwa kazi hiyo na sakafu isiyo na shaka. Kwa anayeanza napendekeza lita 110 hadi 160.

Umbo lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kati ya tangi refu la kulala na tangi la kusimama lenye ujazo uleule, chagua la kulala. Oksijeni huingia kupitia uso wa maji, na tangi la kulala lina uso mpana zaidi. Samaki wa makundi huogelea kwenda mbele na nyuma, si juu na chini. Na mwanga hufika chini kwa urahisi ikiwa kina hakizidi sentimita 40 au 45. Tangi la kusimama hupendeza sebuleni likiwa tupu, na baadaye humlazimu mtunzaji kuingiza mkono hadi begani kila anapotaka kupanda mche mmoja.

Tabaka la chini

Zipo njia tatu. Mchanga au changarawe laini ya milimita 1 hadi 3, iliyooshwa mpaka maji ya kuoshea yawe safi, haina chakula chochote cha mmea lakini haibadiliki miaka yote. Mimea ya mizizi mikubwa huwekewa vidonge vya mbolea karibu na mizizi kila baada ya miezi michache. Udongo wa bustani usio na mbolea, uliofunikwa kwa sentimita tatu za mchanga, hulisha mimea kwa muda mrefu na pia hutoa hewa ya ukaa unapooza, kwa hiyo unalifaa sana tangi la polepole. Ubaya wake ni kwamba ukitaka kuhamisha mmea uliokwisha kushika utachimbua matope. Ya tatu ni vidonge vya udongo uliookwa, vinavyouzwa mahsusi kwa matangi ya mimea. Hivi hushusha pH (kipimo cha asidi ya maji) na ugumu wa maji (wingi wa madini kama ya chokaa yaliyomo), hushikilia madini karibu na mizizi, na ndivyo vinavyolifaa zaidi tangi la kasi. Lakini wiki za mwanzo aina nyingi hutoa amonia nyingi inayodai maji yabadilishwe mara kwa mara, na baada ya mwaka mmoja au miwili nguvu yake hupungua.

Kwa tangi la polepole la kwanza mimi huchagua mchanga na vidonge vya mbolea. Sababu si mimea. Sababu ni kambare wadogo wa *Corydoras*, ambao hulisha kwa kuzamisha uso mchangani mpaka machoni, wakiuchuja mchanga mdomoni na kuutoa kupitia matamvua. Aliyewaona wakifanya hivyo kundi zima, kisha akawaona wengine wamekaa juu ya changarawe yenye kona kali huku sharubu zao zikiwa zimelika, hawezi kuwanyima mchanga tena.

Chujio halihitaji maneno mengi. Sifongo inayoendeshwa na pampu ya hewa ni bora kwa tangi dogo la polepole, ila haifai tangi la kasi kwa kuwa viputo vyake hufukuza hewa ya ukaa uliyoinunua. Chujio la nje lenye mipira miwili ya kupitishia maji linafaa yote. Sifongo zake zioshwe ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, kamwe zisioshwe kwa maji ya bomba yenye klorini, kwa sababu ndani yake ndimo wanamoishi bakteria ambao samaki wako wanawategemea.

Maji yako yanakubali samaki gani

Nunua vipimo kabla ya kununua samaki. Pima ugumu wa maji: digrii moja ni sawa na miligramu 17.8 za kalsiamu kaboneti kwa lita. Chini ya digrii 8 maji ni laini, juu ya 12 ni magumu, na katikati ya hapo pana nafasi ya kuchagua. Pima pia uwezo wa kaboneti, ambao huzuia pH isiyumbe. Watu wengi hushughulika kuibadili pH kwa dawa za chupa. Mimi nawasihi wasifanye hivyo: pH isiyopendeza lakini iliyotulia ni salama kuliko pH nzuri inayopanda na kushuka kila juma.

Kwa maji laini, jamii inayofaa ni tetra wa Amerika Kusini, rasbora wa Asia, *Corydoras* na gurami wadogo. Kwa maji magumu, jamii inayofaa ni gapi, plati na ndugu zao wanaozaa vifaranga hai. Hata mimea hugawanyika kwa njia hiyo: *Vallisneria* na *Ceratophyllum* zinaweza kuchota kaboni kutoka kwenye baikaboneti ya maji magumu, kwa hiyo mwenye maji magumu na tangi la polepole anayo mimea miwili ambayo itamshukuru.

Gapi na plati ni wachangamfu, wenye rangi, wavumilivu, na hula karibu chochote. Yafaa kujua mapema kwamba jike la gapi huzaa kila baada ya wiki nne hivi, na huhifadhi mbegu za dume kwa miezi, kwa hiyo jike aliyetengwa peke yake bado atazaa mara kadhaa. Katika tangi lenye mimea mingi vifaranga vingi hupona, na katika nusu mwaka samaki sita huwa sitini. Asiye na mpango wa kuwagawa afuge madume peke yake. Hao ndio wenye rangi, na amani itakuwepo wakiwa wengi kiasi cha kutomwonea mmoja.

Upande wa maji laini, uchaguzi unaowatatiza wengi ni kati ya neoni na kadinali. Neoni, *Paracheirodon innesi*, ana mstari mwekundu unaoanzia katikati ya mwili kuelekea mkiani. Kadinali, *Paracheirodon axelrodi*, mstari wake mwekundu hutanda mwili mzima chini ya ule wa buluu, naye ni mkubwa kidogo. Neoni wengi wauzwao wamezaliwa katika mashamba ya samaki, na huvumilia maji ya ugumu wa wastani. Kadinali wengi kwa muda mrefu wamevuliwa katika mto Rio Negro nchini Brazil, ambako maji ni laini sana na yenye asidi, kwa hiyo hudai zaidi. Tofauti iliyo muhimu kuliko rangi ni joto. Neoni hustawi kati ya nyuzi 21 na 25 za Selsiasi. Kadinali hutaka 24 hadi 28. Kwa hiyo anayechagua neoni na amchague *Corydoras panda* au *Corydoras paleatus*, ambao nao hawapendi joto kali, na anayechagua kadinali amchague *Corydoras sterbai*, anayelivumilia. Kuchanganya kadinali na *paleatus* ni kumlazimu mmoja wao kuishi maisha yake yote katika maji asiyoyataka, na hali hiyo haionekani siku ya kwanza. Huonekana mwaka wa pili, wakati samaki aliyepaswa kuishi miaka mitano au zaidi anapokufa bila sababu inayojulikana.

Idadi ya kundi isipunguzwe. Tetra sita ni kiwango cha chini kabisa, na kumi na mbili ni samaki tofauti: wale sita hujificha, wale kumi na wawili hutoka katikati ya tangi na kugeuka pamoja kama kitambaa kinachopeperushwa. *Corydoras* nao wawe sita au zaidi wa aina moja. Ni afadhali kundi moja kubwa kuliko makundi matatu ya samaki wanne wanne, ingawa najua ilivyo vigumu kulikumbuka hilo mtu akiwa amesimama mbele ya matangi ya dukani.

Kuna kanuni ya zamani inayosema sentimita moja ya samaki kwa lita moja ya maji. Siiamini. Samaki mmoja wa sentimita 30 ana uzito wa mamia ya tetra wa sentimita 3, wala halingani na kumi kati yao, kwa sababu mwili hukua kwa urefu, upana na kina kwa pamoja. Zaidi ya hayo, samaki hupimwa kwa urefu atakaofikia akiwa mkubwa. Yule kambare wa kunyonya kioo wa jamii ya *Pterygoplichthys*, anayeuzwa akiwa na sentimita 5 kama "msafisha tangi", hupita sentimita 30. Badala yake yupo *Ancistrus*, mwenye sharubu za nyama puani, ambaye huishia sentimita 12 hadi 15.

Kwa samaki mmoja wa kuvuta macho, wengi hupenda *Pterophyllum scalare*, mwenye mapezi marefu kama tanga. Ni samaki wa fahari, lakini ni sikilidi, wa ukoo mmoja na perege, na akikomaa humwona neoni kama chakula. Tena anahitaji tangi lenye kina kuliko lile nililolipendekeza. Gurami wa asali, *Trichogaster chuna*, huishia sentimita 5 hivi, hutembea taratibu kati ya mimea inayoelea akigusagusa majani kwa nyuzi zake mbili za tumboni, na hamsumbui yeyote. Kwa tangi la lita 120 sioni sababu ya kusitasita kati yao. *Puntigrus tetrazona*, mwenye mistari kama chui milia, aachwe kabisa pale penye samaki wa mapezi marefu, kwa kuwa huyang'ata.

Wasaidizi wa kusafisha

Uduvi wa Amano, *Caridina multidentata*, ndiye mla mwani bora ninayemjua kwa ukubwa wake. Jina lake la kawaida linatokana na Takashi Amano, mpiga picha na mpandaji wa matangi kutoka Japani aliyeueneza utumiaji wake. Hazaliani katika maji baridi, kwa kuwa vibuu vyake huhitaji maji yenye chumvi ili vikue, hivyo idadi unayonunua ndiyo unayobaki nayo. Uduvi mwekundu, *Neocaridina davidi*, huzaliana tangini, lakini mwani anaoula ni mchache kuliko watu wanavyotarajia, na watoto wake huliwa na karibu kila samaki. *Otocinclus* ni kambare mdogo mpole anayekwangua majani bila kuyaharibu. Asiwekwe katika tangi jipya, kwa sababu hula ule utando mwembamba unaojengeka kwa miezi, na wengi hufika dukani wakiwa na njaa. Mtazame tumbo kabla ya kulipa: likiwa limebonyea, mwache.

Mwenye uduvi akumbuke kwamba dawa nyingi za samaki zina shaba, nayo shaba huwaua.

Muda, na utaratibu wa kuwaingiza

Mwaka 1850 mwanakemia Mwingereza Robert Warington alieleza jinsi alivyotunza samaki pamoja na *Vallisneria* katika chombo kimoja, na jinsi majani yaliyooza yalivyochafua maji mpaka alipoongeza konokono wa kuyala. Jambo ambalo halikuwa likijulikana wakati wake ni kazi ya bakteria. Kinyesi cha samaki na chakula kilichooza hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa kundi la *Nitrosomonas* na wenzao huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu. Kisha *Nitrospira* huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi na mimea huitumia. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujijenga vya kutosha.

Hapa tangi la kasi na la polepole hupishana kidogo. Tangi la kasi lenye vidonge vya udongo uliookwa hujitengenezea amonia yake, kwa hiyo huachwa bila samaki huku likibadilishwa maji mengi mpaka vipimo vya amonia na nitriti visome sifuri. Tangi la polepole lenye mchanga halina amonia hiyo. Hutiwa kiasi kidogo cha amonia safi isiyo na sabuni wala manukato, kufika karibu miligramu 2 kwa lita, na huwa tayari pale kiasi hicho kinapotoweka ndani ya saa 24 bila kuacha nitriti. Anayepanda mimea mingi ya haraka tangu mwanzo huweza kuona vipimo vikisoma sifuri mapema, kwa kuwa mimea yenyewe huila amonia, lakini hata yeye asiwaingize samaki wote kwa pamoja.

Maji mapya yote yatiwe dawa ya kuondoa klorini. Klorini ya kawaida huondoka yenyewe maji yakikaa wazi siku nzima, lakini kloramini, inayotumiwa na mamlaka nyingi za maji, haiondoki kwa kusubiri.

Kazi ya kila wiki

Tangi la kasi hudai nusu ya maji yabadilishwe kila wiki, mbolea yenye nitrojeni, fosforasi, potasiamu, chuma na madini madogomadogo, mkasi, na ukaguzi wa mtungi. Siku tatu za uzembe huonekana katika mwani. Tangi la polepole hutosheka na robo ya maji kila wiki moja au mbili, mbolea kidogo mara moja kwa wiki, na mtunzaji aliyesafiri wiki moja hurudi akalikuta kama alivyoliacha, hata samaki wazima wenye afya wakiwa hawajalishwa siku hizo zote.

Kwa hiyo atakaye bustani, mwenye kufurahia kukata na kupanda upya, mwenye saa mbili za hakika kila wiki, na aliyekwisha kulitunza tangi lolote kwa mwaka mmoja bila msiba, achague la kasi na aweke samaki wachache, kwa sababu mimea ndiyo itakayokuwa mwenye nyumba. Atakaye samaki kwanza, na mimea kama makazi yao, achague la polepole. Mwenye watoto wanaopenda kulisha samaki wenyewe, au kazi inayomwita mbali ghafla, hana haja ya kufikiri mara mbili.

Tangi ambalo ningelianzisha leo kwa rafiki mwenye maji laini ni la lita 120, mchanga chini, gogo moja lililofungwa *Anubias* na kangaga la Java, *Cryptocoryne* mbele yake, *Vallisneria* na *Hygrophila* nyuma, *Salvinia* ikifunika theluthi ya uso wa maji. Mwezi wa kwanza hauna samaki. Vipimo vikisoma sifuri huingia neoni sita, na wiki mbili baadaye sita wengine, kila kundi likiwa limekaa kwanza wiki mbili au tatu katika tangi la pembeni ili ugonjwa ujitokeze huko. Wanafuata *Corydoras panda* sita, kisha uduvi wa Amano wanane mwani wa kwanza ukionekana. Gurami wa asali wawili, dume na jike, huingia mwezi wa nne, jioni taa zikiwa zimezimwa, wakati mimea imeshafunga na kila mwenyeji ana mahali pake pa kulala.